Ng'ata Mpini

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na yule paka wako mwizi bado hajahamia kwa jirani. Sisi huku hatujambo. Mama amepasuliwa jicho lenye mtoto wa jicho, na bandeji imeshatoka. Daktari amemkataza kuinama, kukaa kwenye moshi na kusoma. Nilimwongezea mwenyewe kwamba amekatazwa pia kunigombeza, lakini mama hadanganyiki.

Mjomba, simu yako imekuwa pambo? Siku ya upasuaji mama aliomba azungumze nawe kabla hajaingia ndani. Tukapiga, ukapokea, kisha ikakatika. Mama akasema ni mtandao. Tukapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Akaingia chumba cha upasuaji hajasikia hata "pole" yako. Ndiyo maana leo nimekwenda posta kununua bahasha. Msichana wa dirishani akaniuliza kama ni za harusi.

Sasa Bikizee. Tangu uliponikabidhi hii pikipiki yako mwaka jana, ukisema magoti yamekataa, namtunza kuliko ninavyojitunza mimi. Ndiye anayenipeleka kwa wateja na mafurushi ya nguo, na nikipita barabarani wazee wanasimama kumtazama. Lakini sasa giaboksi yake inalia, mjomba. Gia ya kwanza anaguna, ya pili analalamika, ya tatu anapiga yowe mpaka naona aibu. Na kila asubuhi nakuta kidimbwi cha mafuta sakafuni.

Usiseme sijamhudumia. Mafuta nimemwekea kwa mkono wangu. Nilifungua nati ya juu nikammiminia yale mazuri kabisa, meupe, ninayoyatumia kwenye cherehani zangu. Cherehani ile kuukuu ina umri wangu mara mbili na haijawahi kulia.

Pokea simu basi, niiweke karibu na giaboksi usikie mwenyewe. Wewe si ndiye uliyekuwa unataja ugonjwa wa pikipiki hata haijakata kona kuingia kwako?

Mpwa wako,
Sindano

*

21 Februari

Sindano, mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Paka mzima, na jana kaiba tena. Mpe mama yako pole ya jicho, mwambie asiiname.

Simu iliingia maji. Usihangaike nayo.

Mafuta ya cherehani! Nilipofika pale niliiweka barua mezani, nikazunguka nyumba, nikarudi nikasoma tena nikidhani macho yangu nayo yanataka kupasuliwa. Mafuta ya cherehani, ndani ya giaboksi ya bikizee wa watu! Mwanangu, cherehani inapandisha na kushusha kijisindano. Zile gia zinakubeba wewe, mafurushi yako na kile kilima cha kwenu. Hayo mafuta mepesi hayakai kwenye meno ya gia hata kidogo, yanatiririka na kutokea pembeni. Ndicho hicho kidimbwi. Meno yamebaki makavu yanasagana, halafu unashangaa analia. Hata mimi ningelia.

Sasa fanya hivi, na usiruke hata kimoja.

Mzungushe kwanza mtaani mpaka apate joto, maana mafuta ya baridi hayatoki yote. Msimamishe mahali tambarare, kwa stendi ya katikati. Weka beseni chini, ufungue nati ya chini kabisa. Usisimame hapo kumhesabia matone. Nenda kashone mkono wa gauni, ukirudi atakuwa amemaliza. Ile washa, kipete cha shaba kinachokaa kwenye nati, iangalie. Ikiwa imechoka tafuta mpya.

Kisha nunua oili ya gia. Sema "ya gia, nzito", inayoshuka polepole kama asali. Mimina juu. Pembeni kuna nati ndogo umekuwa ukidhani ni pambo. Hiyo ndiyo kipimo. Ifungue unapomimina, na oili ikianza kuchungulia pale, acha. Ngoja ile iliyozidi idondoke mpaka ikome yenyewe, halafu funga. Usikaze kana kwamba unamkomoa mtu. Ganda lile ni laini, ukilipasua hatuna jingine.

Yale machafu usiyamwage. Yatazame juani uniambie umeona nini. Niandikie. Barua haikatiki.

Mjomba wako

*

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Jicho la mama linapona vizuri, sasa anauona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi na amenifumulia mishono mitatu akisema imepinda.

Haya, nimekuvunjia heshima kwa mafuta ya cherehani, nimekubali. Nilimsomea mama sehemu ile, akacheka mpaka akashika jicho. Kisha akauliza, "Na mimi, kaniandikia nini?" Nikatazama karatasi. Ulikuwa umemwandikia asiiname.

Niliongeza mengine, mjomba. Nilisoma kwamba unamwombea, kwamba hukupata usingizi siku ile ya upasuaji, kwamba unakuja simu ikitengemaa. Niliyabuni palepale nikiwa nimekaza macho kwenye karatasi kama ninayasoma. Sijui kama ni kosa.

Maana nakuambia wazi, mama ameumia. Wiki jana alimpigia yule kinyozi jirani yako, akamwomba akupelekee simu. Kinyozi akarudi akasema, "Mzee anasema ana kazi." Kazi gani hiyo, mjomba, ya kushinda dada yako mmoja? Mama alikaa na ile simu mkononi. Akaniambia, "Huyu ndiye kaka aliyekuwa ananiachia mwiko. Chungu kikiisha tunagombania kuulamba, tunaukamata huku na huku, na mwisho ni yeye aliyekuwa ananiachia. Leo hata neno moja hawezi kuniachia." Kama tumekukosea, tuambie tumekukosea wapi.

Kuhusu Bikizee, nimefuata yote. Ila mara ya kwanza nilimwegemeza kwenye stendi ya pembeni, kipimo kikanidanganya, nikamjaza kupita kiasi akatapika usiku kucha. Nimerudia kwa stendi ya katikati na kidimbwi kimekoma. Mafuta machafu yalitoka ya kijivu, yanametameta juani kama kile kitambaa cha mabibi harusi. Ni vumbi tu, vipande sikuona. Kelele zimepungua sana, lakini bado kuna kitu ndani kinasema krr, krr. Siwezi kuuandika huo mlio. Ningependa uusikie.

Sindano

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua huku zimeanza. Bati la karakana linavuja juu ya benchi langu palepale ninapokaa. Hamjanikosea kitu, wewe wala mama yako. Tuliache hilo.

Vumbi si baya. Meno ya zamani lazima yalike kidogo, hasa yakinyweshwa mafuta ya kushonea magauni. Vipande ndivyo ningeviogopa. Pitisha sumaku katika yale mafuta ili uwe na uhakika, na barua ijayo uniambie imenasa nini.

Huo mlio unaosema krr unaweza kuwa beringi, na unaweza kuwa klachi tu inajizungumzia. Kabla hujamfungua mtu tumbo ujue unakwenda kutafuta nini. Chukua bisibisi ndefu, yenye mpini wa mbao kama unayo. Msimamishe Bikizee kwa stendi ya katikati, mwashe, aungurume polepole bila gia. Weka ncha ya bisibisi kwenye ganda la giaboksi, kisha ng'ata mpini. Ng'ata hasa, kwa meno ya mbele, na usiongee. Anza upande wa klachi, halafu hamia upande wa pili, halafu chini. Mlio utakuingia kichwani kama uko ndani ya giaboksi umekaa kwenye kiti. Angalia mnyororo usikunase nguo, na funga hizo nywele.

Palipo pazuri utasikia mvumo mmoja tu uliotulia. Palipo pabaya utasikia kama mtu anatafuna wali wenye mawe. Niandikie pale panapotafunwa.

Usinipigie. Andika.

Mjomba wako

*

28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, amelala. Wateja wananidai nguo za sherehe na nimeacha yote nikuandikie.

Nimeng'ata. Watoto wa mtaa walisimama mlangoni wakicheka kwamba fundi cherehani anaila pikipiki. Lakini mjomba, yale uliyosema ni kweli! Upande wa klachi ni mvumo mtupu, mtamu, karibu nisinzie. Upande wa pili, pale shafti inapotokea, mawe. Wali wote mawe. Sumaku haikunasa kipande, ni ule unga tu.

Nikamwendea fundi wa hapa kona kumwomba msaada wa beringi. Ni mtu mzuri, hana makuu. Nikamweleza nilivyoigundua, akacheka mpaka akaweka spana chini. Akasema, "Nani kakufundisha kung'ata? Mpini unawekwa sikioni, hapa kwenye tundu. Ndivyo tunavyosikiliza sote."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimwacha Bikizee palepale. Nikakaa kwenye cherehani, nisishone.

Mjomba, wewe ndiye uliyemfundisha kila fundi wa mtaa wako. Hii ya sikio unaijua tangu hatujazaliwa. Kwa nini mimi uniambie ning'ate?

Nikakumbuka siku uliyonikabidhi Bikizee. Nilipokuwa nikizungumza ulikuwa unanitazama mdomo. Nilidhani nina kitu kwenye meno, nikaenda kwenye kioo. Nikakumbuka redio yako, ile ambayo hata mama hakuruhusiwa kuigusa, ulimpa kinyozi. Nikakumbuka ulikuwa unasema kwa sauti kubwa hadi mama akakuuliza kama umegombana na mtu.

Si magoti, sivyo? Wala simu haikuingia maji.

Nakuuliza kwa upendo, na mama sijamwambia. Mimi nilikuwa nimekukasirikia, nikasema moyoni kwamba mjomba ametuchoka. Kama ninavyodhani ndivyo, basi naomba unisamehe, na unijibu.

Mpwa wako

*

19 Juni

Sindano,

Umesubiri sana. Barua hii nimeianza mara nyingi, paka amelalia zile nyingine.

Beringi ya upande wa pili ibadilishwe. Mwambie fundi wa kona asiipige nyundo ikiwa ya baridi. Alipashe ganda kwa maji ya moto, litatanuka na beringi itatoka yenyewe bila ugomvi. Akimaliza, oili mpya, kwa kipimo kile kile. Ukishatembea nayo kidogo uimwage yote, uweke nyingine, maana ya kwanza huwa inabeba uchafu wa kazi.

Haya. Ndivyo ulivyodhani.

Ilianza na vitu vidogo. Ndege kwanza, kisha birika, kisha redio ikawa inanong'ona hata nikiipandisha mpaka mwisho. Siku moja niko barabarani juu ya Bikizee, lori likapita ubavuni karibu linifagie. Dereva alikuwa amepiga honi tangu mbali, watu wote waliisikia isipokuwa mimi. Kesho yake nikakwambia magoti.

Kazini nilikuwa natega sikio nikitikisa kichwa kama ninayeelewa. Nikamfungulia mteja giaboksi nzima, nzima kabisa, haina kosa. Halafu siku moja mikono imejaa, nimebana bisibisi kwa meno, ncha ikagusa ganda la pikipiki inayounguruma. Nikaisikia! Meno yote ya gia, moja moja. Nilikaa sakafuni nikalia, mpwa wangu, mtu mzima na ovaroli yangu. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya kazi, mlango nimeufunga ili watu wasinione nang'ata.

Siku ya jicho la mama yako niliipokea ile simu. Niliibana sikioni kwa mikono miwili. Nilijua ni yeye na nilijua anaogopa, na nikasikia kama mtu anaburuta gunia mbali huko. Ningejibu nini? Ningesema "ndiyo" pasipo na ndiyo. Nikakata. Afadhali aniite jeuri kuliko ajue sauti yake hainifikii. Ile sauti ndiyo iliyobaki ya nyumbani kwetu. Pikipiki nazisikia, yeye simsikii, na hilo ndilo linaloniuma.

Usimwambie. Ana jicho la kuuguza.

Mjomba wako

*

6 Julai

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na ukae kitako kabla hujaendelea.

Sikumwambia. Naapa sikumwambia. Barua yako ilifika nikiwa kwa mteja. Nimerudi namkuta mama kwenye kiti changu, miwani mipya puani, karatasi yako mkononi. Daktari amemruhusu kusoma tangu mwezi uliopita, na mimi sikukumbuka kukuonya. Jicho limepona mno, mjomba.

Na zile za zamani zote alikuwa amezitoa kwenye droo. Akanitazama. "Kumbe zile salamu zake zote ulikuwa unazishona wewe." Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Ulishona vizuri." Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, na katikati ya kilio akawa anakutukana. Matusi ya kitoto, sijayasikia tangu nizaliwe.

Kutwa nzima hakula. Jioni akaniuliza kitu kimoja tu: Bikizee amepona? Nikamwambia amepona, beringi imeingia, anavuma kama feni. Akasema, "Basi tunakwenda."

Tunakuja mwisho wa mwezi. Yeye kwa basi, mimi nyuma yake na Bikizee. Nilimwambia si lazima kumleta, akasema, "Ni lazima, kaka yangu atataka kumng'ata." Usituandikie kwamba una kazi. Usifunge mlango. Na mfichie paka nyama.

Sindano

*

17 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Tumerudi nyumbani salama. Mama mzima, hajaacha kutabasamu peke yake jikoni, naogopa majirani watauliza.

Bikizee kapanda kile kilima chetu kwa gia ya tatu bila kuguna. Nilipofika juu niliona machozi yananitoka, nikasingizia upepo, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Nilikuwa nakuona wewe siku ile tulipofika kwako, umepiga magoti uani, macho umefumba, bisibisi mdomoni, na ule mkono wako ukinipungia niongeze mafuta, niongeze tena, kisha ukaniinulia dole gumba. Siku yangu ya kuolewa sikuwa na furaha ile, na usimwambie mume wangu.

Oili ya kwanza nimeshaimwaga kama ulivyosema. Safi, unga kidogo sana.

Yule daktari wa masikio tuliyekutafutia usimkimbie. Mama anasema yeye alikwenda na jicho, nawe uende na sikio.

Sasa nina swali na mama hataki kulijibu. Siku ile ya mwisho niliwaacha jikoni nikaenda kumfuta Bikizee vumbi. Nilipochungulia dirishani niliwaona mmesimama karibu karibu, mwiko katikati yenu, wewe umeung'ata na yeye ameubana shingoni. Nikarudi kwenye pikipiki, nikafuta mahali palipokwisha futwa. Alikuwa anakwambia nini? Nikimuuliza anasema, "Kamuulize fundi."

Mpwa wako anayekupenda,
Sindano

*

3 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima. Paka bado anamtafuta mama yako mlangoni, maana alikuwa anamlisha kwa siri akidhani sioni. Nimepungukiwa kusikia, si kuona. Kwa daktari nimekwenda. Ana mambo yake ya kujaribu, na mimi nimekubali. Mlango wa karakana sasa nauacha wazi. Jana mteja kaniona nang'ata, akauliza kama giaboksi ina chumvi ya kutosha.

Hiyo oili mpya usiiguse tena mpaka mvua za mwakani, ila kipimo ukifungue mara kwa mara utazame. Na ile chupa ya mafuta ya cherehani ikae mbali naye.

Unauliza mama yako alisema nini. Alianza kuzungumza, nami nikamtazama mdomo, lakini alikuwa analia, na mdomo wa mtu anayelia hausomeki. Nikatikisa kichwa. Akafungua droo akatoa mwiko. Nilidhani ananichapa, na haki alikuwa nayo. Akaubana ule upande mpana chini ya taya, kwenye koo, akanisogezea mpini. Nikaung'ata.

Akaja, Sindano. Sauti yake yote, nzito kuliko ninavyoikumbuka, lakini ni yeye. Kwanza aliniita lile jina la utotoni, na sikuandikii maana najua utalitumia. Kisha akanigombeza. Kisha akaniambia jinsi alivyoogopa siku ile mlangoni pa chumba cha upasuaji, alichotaka kuniambia kwenye simu, chote, nami nikakisikia kwa kuchelewa. Akacheka pia. Kicheko kinapita vizuri kwenye mbao kuliko maneno.

Mwisho mkono ulimchoka. Akasema, "Haya kaka, achia sasa."

Utoto wote nilikuwa namwachia. Safari hii sikuachia.

Mjomba wako